Dozi ya Njiwa Mia na Themanini

Kengele ya mlango ililia mara ya pili, na Hilda Gawlik bado alikuwa amepiga magoti jikoni, ameshika kichwa cha mumewe.

Kwa mliokosa sura ya wiki jana: Rufin Gawlik, mchimba makaa mstaafu wa mji wa Bytom na mfugaji wa njiwa wa mashindano, asubuhi hiyo alikutwa ameinamia sinki, mdomo chini ya bomba. Alikunywa mpaka maji yakamwingia masikioni. Kisha akaketi sakafuni, akamtazama mke wake wa tangu ujana, akamuuliza kwa adabu kabisa: "Samahani mama, wewe ni wa nyumba namba ngapi?"

Hapo ndipo kengele ilipolia.

Hilda akaenda kufungua. Mlangoni alisimama msichana ambaye hajawahi kumwona. Alivaa glavu za mpira, na mkononi alishika vikopo vidogo vyenye vifuniko.

"Habari za asubuhi, Bi Gawlik. Mimi ni Daktari Kinga Pluta. Nimekuja kuchukua kinyesi."

"Cha nani?"

"Cha wote, ikiwezekana."

Hilda aliona kwamba kwa siku iliyoanza vile, hata hilo halikuwa la ajabu. Akasogea pembeni.

"Ingia. Mmoja yuko jikoni, lakini huyo tangu wiki iliyopita hajatoa kitu."

Iliwachukua muda kuelewana. Daktari Kinga hakuwa daktari wa watu. Alikuwa ametumwa na shirikisho la wafuga njiwa. Baron, dume la Rufin, alikuwa ameshinda mfululizo tangu mashindano yaanze, na mtu fulani wa chama cha mtaa alikuwa ameandika malalamiko kwamba njiwa huyo anapewa dawa za kuongeza nguvu. Basi kinyesi kilitakiwa maabara.

"Kwa hiyo wewe ni daktari wa njiwa," Hilda akasema, na machozi aliyoyazuia tangu alfajiri yakaanza kumtoka. "Na mimi nina mzee anakufa."

"Nani huko kasema daktari wa njiwa?" sauti ikatoka jikoni.

Hilda akageuka. Rufin, ambaye punde tu hakumjua mkewe, alikuwa ameketi wima sakafuni na anafunga kifungo cha shati.

"Mwambie apite," akasema. "Na umpe kiti kizima, siyo kile."

*

Yawapasa kujua kwamba Rufin hakuwa na imani na madaktari wa watu. Daktari wa mtaani alikuwa amemwona siku chache nyuma. Alimtazama kwa muda wa kuvua koti na kulivaa tena, akasema ni uzee, kumbukumbu zinakwenda, hakuna la kufanya. Klaudia, binti yao aliyeolewa ng'ambo, Dortmund, alipoambiwa hivyo alilia kwenye simu, kisha akaanza kupigia nyumba za wazee kuuliza nafasi.

Hilda alikuwa na hofu hiyo moja tu. Kwamba watamchukua Rufin wake, watamweka kwenye chumba kisicho na njiwa, na atakufa hajui anakufa akiwa mume wa nani.

Daktari Kinga akaketi kwenye kiti kizima. Akatazama midomo ya mzee iliyopasuka kwa ukavu, na mikono iliyokuwa ikitetemeka.

"Mzee Rufin, njiwa unawalisha nini?"

"Mahindi, njegere, ngano kidogo. Karanga siku mbili kabla ya kutiwa kapuni kwenda mashindano." Alijibu kama askari.

"Na vitamini?"

"Wakati wa kutaga na wakati wa kubadili manyoya. Yale matone ya mafuta. Tone moja kwa kila njiwa, juu ya nafaka, siku chache halafu basi. Mimi si mjinga."

"Sawasawa kabisa," akasema Kinga. Rufin akamgeukia Hilda kuhakikisha amesikia.

"Chupa iko wapi, nione ni ya aina gani?"

"Hiyo hapo, nyuma ya mkate."

Nyuma ya mkate kweli ilikuwepo chupa kubwa ya kahawia, yenye picha ya njiwa. Kando yake, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na kijiko cha supu. Kijiko kilikuwa kinang'aa kwa mafuta.

Kinga akakiinua kijiko.

"Na hiki?"

"Hicho changu," akasema Rufin.

Kinga akakinusa kijiko.

"Chako cha kufanyia nini, mzee?"

Rufin alimhurumia. Msichana kasoma miaka yote hiyo na bado hakuona jambo lililo wazi. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyeshuka mgodini kwa mara ya kwanza.

"Baron alikuwa amechoka mwaka juzi. Nikampa tone moja, akapona, sasa anawaacha wote. Mimi nami nilikuwa nimechoka. Njiwa ana nusu kilo. Mimi nina kilo tisini. Kwa hiyo mimi ni njiwa mia na themanini. Matone mia na themanini kuhesabu kila asubuhi ni kazi, macho yenyewe haya. Nikapima mara moja kwa kijiko. Kijiko cha supu kinatosha, na kidogo cha akiba."

"Kila asubuhi," akasema Kinga.

"Tangu theluji ilipoyeyuka. Sijakosa hata siku moja."

Hilda akashika ukingo wa meza. "Uliniambia ni mafuta ya samaki!"

"Nilikuambia ni mafuta. Samaki ulimtia wewe."

*

Kinga akaomba kuona kama kuna kingine anachotumia mzee. Hilda akafungua kabati la juu, ambamo familia nyingine huweka vikombe vya wageni. Kulikuwa na makopo ya Klaudia kutoka Dortmund: magnesiamu, zinki, seleniamu, kidonge cha macho, kidonge cha viungo, na ile mirija ya vidonge vikubwa vya kalsiamu vinavyotoa povu kwenye maji. Hivyo vya povu ndivyo Rufin alivyopenda zaidi, kwa sababu ya kiu.

"Mama, kaa," akasema Kinga.

"Niambie nimesimama."

"Mengi ya haya hayamsaidii wala hayamdhuru mtu anayekula vizuri kama nyinyi. Ukizidisha baadhi yake, mwili unayatoa kwa mkojo. Lakini vitamini D ya matone haya inakaa kwenye mafuta ya mwili. Haitoki. Kila siku inaongezewa nyingine, na kazi yake ni kuvuta kalsiamu kutoka kwenye chakula na kuipeleka kwenye damu. Sasa damu yake imejaa kalsiamu. Ndiyo maana anakunywa maji hivi. Ndiyo maana haendi chooni. Ndiyo maana hakukujua."

"Siyo uzee?"

"Mimi ni daktari wa wanyama, mama. Siruhusiwi kusema ugonjwa wa mtu." Akavua glavu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ila angekuwa njiwa, ningesema siyo uzee. Ningesema akimbizwe leo, kabla figo hazijafa."

Hebu fikirieni, wasomaji. Kwa wiki nzima Hilda alikuwa ameomba muujiza, na muujiza ukaja kukusanya mavi.

"Lakini vitamini ni kitu kizuri!" akafoka Rufin. "Imeandikwa kwenye chupa!"

"Ni kizuri, mzee. Wazee wengi hapa, kwa jua hili letu la shida, wanahitaji vitamini hiyohiyo, daktari akiwapimia kwanza. Tone dogo. Mwili haufanyi hesabu ya kuzidisha kama yako."

"Hesabu yangu ina kosa wapi?"

Kinga akakisogeza kijiko mbali naye.

"Kwamba wewe siyo njiwa mia na themanini. Wewe ni mzee mmoja."

*

Rufin hakutaka ambulensi. Alikubali maneno yote ya daktari wa njiwa, isipokuwa hilo la kwenda kwa madaktari wa watu.

"Nitibu wewe," akamwambia.

"Siwezi."

"Ulimtibu dume wa Zygfryd wa chama chetu."

"Zygfryd ana njiwa, mzee, na aliniletea njiwa. Ningekutia kwenye kapu?"

Hilda akapiga magoti tena mbele yake. Alijua ana muda mfupi kabla akili ya mzee haijaondoka tena.

"Rufin. Unataka nini ili uende?"

Rufin akatazama mlangoni, kana kwamba ukuta unasikiliza. Akanong'ona:

"Ginter asijue."

Ginter Skiba ndiye mwenyekiti wa chama cha njiwa cha mtaa. Walichimba makaa pamoja ujana wao wote, na kwa muda huo wote kila mmoja alimsubiri mwenzake ateleze. Na chama kile hakisahau. Marehemu Alfons aliwahi kuonja mara moja chakula cha njiwa, kwa udadisi tu, mbele ya watu. Tangu siku hiyo aliitwa Njegere. Aliitwa Njegere kazini na Njegere kanisani. Siku ya maziko padri mwenyewe aliteleza ulimi, na hakuna aliyestuka.

"Mimi wataniitaje, Hilda?" akauliza Rufin. "Nikifa, juu ya kaburi wataandika nini?"

"Hutakufa."

"Niahidi. Ginter asijue, na chama kisijue. Na Ijumaa Baron umwingize kapuni mwenyewe. Asipokwenda watauliza."

Hilda hakuwa mtu wa njiwa. Tangu harusi yake alikuwa amepanda darini kwa njiwa mara moja tu, na alishuka amekasirika. Lakini alikuwa mtu ambaye akisema neno, limesemwa.

"Nakuahidi," akasema. "Sasa vaa viatu."

*

Hospitalini daktari wa zamu alitazama majibu ya damu, akaomba yarudiwe, akayatazama tena. Kalsiamu ilikuwa juu kiasi cha kumfanya avute kiti.

"Nani aligundua?" akauliza.

"Daktari wa njiwa," akajibu Hilda.

Daktari akangoja mwisho wa mzaha. Haukuja. Akaandika.

Walimtundikia dripu, wakamwekea dawa ya kushusha kalsiamu, wakapiga marufuku chupa ya kahawia na vidonge vya povu. Daktari hakuficha: figo zimeumia, na vitamini iliyojificha mwilini itachukua miezi kuisha. Atapona, au atapona nusu. Ilikuwa mapema mno kusema.

Lakini Alhamisi Rufin alifumbua macho, akamtazama Hilda aliyekuwa anamchania nywele.

"Hilda," akasema, "hicho kitana ni cha mbwa?"

Hilda akatoka nje ya wadi, akasimama kando ya mashine ya kahawa, akalia mpaka muuguzi akamletea karatasi ya kujifutia. Alikuwa amemwita kwa jina.

Kwa simu akamweleza Klaudia kila kitu.

"Mama, ile kalsiamu nilituma mimi," akasema Klaudia, sauti imekatika.

"Ulituma kwa kumpenda. Ila hizo nyumba za wazee, wapigie uwaambie hatuji."

*

Ijumaa jioni, jua bado liko juu, Hilda alifika kwenye ukumbi wa chama akiwa na Baron ndani ya kisanduku. Wanaume wote waligeuza vichwa. Mke wa Rufin na njiwa!

"Yu wapi mwenyewe?" akauliza Zygfryd, mweka hazina, mwembamba, mwenye macho ya kuchunguza.

"Dortmund. Mjukuu anabatizwa."

"Wiki ya mashindano? Rufin? Mama yake alipofariki, alikuja kwanza hapa akatia njiwa kapuni, ndipo akaenda kumlilia!"

"Watu hubadilika," akasema Hilda.

Nyuma ya meza aliketi Ginter Skiba, mtu mpana kama mlango wa ghala. Alimchukua Baron, akasoma pete ya mguuni, akaisoma tena, akamuuliza Zygfryd leo ni tarehe ngapi. Kisha akamimina juisi ya matunda kutoka kwenye jagi, akanywa glasi yote, akamimina nyingine, akanywa. Jagi likaisha. Akapiga meza waletewe jingine.

"Ginter leo amekula chumvi ya ng'ombe," mtu akatania.

"Mwacheni," akasema mwingine. "Anakunywa hivi tangu Pasaka. Tangu aanze kusema amerudi ujana."

Hilda alikuwa ameshaelekea mlangoni. Akasimama.

Akatazama midomo ya Ginter. Ilikuwa imepasuka. Akatazama vidole vyake juu ya pete ya Baron. Vilikuwa vinatetemeka.

"Bi Hilda," Zygfryd akamwita kwa sauti ya kusikika na wote, "halafu Jumanne ambulensi ilikuja kwenu. Mke wangu aliiona kwa macho yake. Ilimchukua nani, kama mzee yuko Dortmund?"

Jibu la swali hilo Hilda alikuwa amekuja nalo kutoka nyumbani: shinikizo la damu. Ni neno moja tu. Hakuna anayemcheka mtu kwa shinikizo la damu. Angelisema, angekwenda zake, na ahadi ingekuwa salama.

Lakini mbele yake mtu alikuwa anakunywa jagi la pili.

"Ilinichukua mimi," akasema. "Nilikunywa matone ya njiwa."

Zygfryd akaweka mkono sikioni.

"Ulikunywa nini?"

"Matone ya vitamini ya njiwa. Nilitaka nguvu. Nilipiga hesabu ya uzito. Njiwa nusu kilo, mimi... " Kuna mambo ambayo mwanamke wa Bytom hamwambii hata padri. "Mimi themanini na saba. Nikazidisha. Nikapima kwa kijiko cha supu, kila asubuhi."

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Mwingine alilia kwa kicheko, ameshikilia ukuta. Mtu akapiga kelele, "Kwa hiyo na mayai unataga?" na wakaanza upya.

Hilda aliendelea kusema juu ya kelele zao, moja kwa moja, akimtazama mtu mmoja tu.

"Ikaja kiu. Maji hayatoshi. Choo kikafunga. Nikaanza kusahau tarehe, halafu watu. Hospitali wakaniambia vitamini imejaa mwilini na haitoki, na kalsiamu inaua figo. Wakasema anayefanya hivyo aende siku hiyohiyo. Asingoje kesho."

"Bi Matone!" akapaza Zygfryd, na jina likapokelewa kwa makofi. "Na Siku ya Mtakatifu Barbara, jamani, mwaka huu chakula tuagize mjini! Asije akatupikia kwa kipimo cha njiwa!"

Hilo lilimwingia. Kila mwaka, sikukuu ya wachimba makaa, ni yeye aliyepika nyama za kuviringisha na kabichi nyekundu kwa chama kizima. Wajane walimwonea wivu kwa hilo. Ni kitu pekee ambacho mtaa mzima ulikubali kwamba Hilda Gawlik anakijua kuliko wote.

"Agizeni," akasema.

Mtu mmoja hakucheka. Ginter Skiba alikuwa ameweka glasi chini, taratibu, kama anaweka yai.

"Hilda," akasema kwa sauti ndogo, "wewe uliianza lini?"

"Theluji ilipoyeyuka."

"Mimi Pasaka." Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Nilifikiri Rufin ana siri. Njiwa wake anashinda, na yeye mwenyewe mwezi wa tatu alipanda ngazi anaimba. Nikasema kuna kitu anampa. Nikatafuta chupa kama ile niliyomwona akinunua. Nikaandika barua kwa shirikisho, kisha nikaanza kunywa."

Akasimama ili aende msalani. Hakufika. Magoti yalikunjika na kilo zake zote mia na ishirini zikaketi juu ya makapu.

*

Ambulensi ilikuja upesi. Kicheko kilikuwa kimekwisha, na wanaume walisimama kofia mkononi. Mhudumu, kijana mwenye ndevu, alimfunga Ginter kwenye machela huku akizungumza na hospitali kwenye simu.

"Wadi ya figo imejaa," akawaambia. "Kimebaki kitanda kimoja cha dirishani. Pole yake lakini, hatalala. Jirani yake ni mzee mmoja wa njiwa, tangu jana anawafundisha wauguzi hesabu za kuzidisha."

Ginter akainua kichwa kutoka kwenye machela.

"Mzee wa njiwa? Wa hapa Bytom?" Macho yake yaliyochoka yakamtafuta mke wa Rufin. "Sisi wa njiwa tunajuana wote. Hilda, ni nani huyo?"

Zygfryd akageuka. Wote wakageuka. Hilda alisimama katikati ya ukumbi, na kisanduku kitupu cha Baron kilikuwa kwapani. Jina lake lilikuwa limeshakwenda, na uzito wake, na sikukuu yake. Neno moja la kweli lingemrudishia vyote vitatu.

"Simjui," akasema.

Mhudumu akafunga mlango wa gari, na gari likaondoka kuelekea hospitali.